Tembo, daftari na majenerali: jibu kwa mwalimu wa Morogoro

Swali: "Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro na ndiye ninayesimamia kona ya vitabu darasani. Nimesikia kwamba serikali ya kijeshi ya Argentina iliwahi kupiga marufuku hadithi ya watoto kuhusu tembo wa sarakasi. Nilicheka, halafu nikajiuliza: watu wenye vifaru na magereza wanaogopa nini ndani ya kitabu cha mtoto wa miaka minane? Ni kweli, au ni porojo tu? Na wale waliokuwa watoto wakati ule, ambao leo ni watu wazima, wanakumbuka nini? Ningependa pia kujua kama hadithi hiyo inafaa kusimuliwa darasani kwangu."

Mwalimu, ni kweli tupu, na tarehe yake ipo. Tarehe 13 Oktoba 1977 serikali ya Jenerali Jorge Rafael Videla ilitoa amri namba 3155 ya kuzuia kuuza na kusambaza kitabu kiitwacho Un elefante ocupa mucho espacio, yaani "Tembo huchukua nafasi kubwa", nchi nzima, na kuagiza nakala zilizokwisha toka zikamatwe. Mwandishi wake ni Elsa Bornemann, na kitabu kilikuwa kimechapishwa Buenos Aires mwaka 1975. Mwaka 1976 kiliingizwa kwenye orodha ya heshima ya Tuzo ya Hans Christian Andersen, inayotolewa na IBBY, shirika la kimataifa la vitabu vya watoto na vijana. Kwa hiyo ughaibuni kinavishwa shada, na mwaka unaofuata nyumbani kinafungiwa. Amri hiyohiyo ilikifungia kitabu kingine cha mchapishaji yuleyule, kazi ya Mfaransa Agnès Rosenstiehl, kilichowaeleza watoto jinsi mtoto anavyopatikana na kuzaliwa.

Kisa chenyewe ni hiki. Kwenye sarakasi kuna tembo aitwaye Víctor, ambaye siku moja anaamua kuwaza kitembo, yaani kuwa na wazo kubwa kama mwili wake. Wazo hilo ni mgomo wa wanyama wote. Simba anakuja juu: mfalme wa wanyama ni yeye, sasa nani kampa tembo ruhusa ya kuitisha mgomo? Víctor anamjibu kwamba humu ndani mfalme ni binadamu, hasa wakiwa mbali namna ile na misitu yao. Kulipokucha wenye sarakasi wanakuta mabango: sarakasi imetwaliwa na wafanyakazi, wanyama wamegoma. Kibao kinageuka. Binadamu ndio sasa wanaotembea kwa miguu minne na kuruka ndani ya pete ya moto, mpaka mwenye mali anasalimu amri na kukubali kuwarudisha Afrika. Wanaondoka kwa ndege mbili. Moja imebeba wanyama wote, na ya pili imembeba Víctor peke yake, maana, kama jina la kitabu lisemavyo, tembo huchukua nafasi kubwa.

(Hiyo Afrika ya mwisho wa hadithi ni pori tupu, haina mtu hata mmoja. Watoto wako, walio jirani na Mikumi, watataka kujua tembo huyo anashukia wapi na shamba la nani litakaloliwa usiku huo. Waache waulize. Bornemann aliandika kwa ajili ya watoto waliomjua tembo kwa tiketi ya sarakasi.)

Ukiangalia haraka, sababu ya kukifungia iko wazi: neno mgomo. Jeshi lilipotwaa madaraka tarehe 24 Machi 1976, haki ya kugoma ilisitishwa siku hiyohiyo, na vyama vya wafanyakazi vikawekwa chini ya wanajeshi. Ukichapisha hadithi ambamo wafanyakazi, hata kama wana mkonga na mkia, wanagoma na wanashinda, umejitafutia. Lakini mimi huwaambia wanafunzi wangu wa fasihi ya watoto wasiishie hapo, kwa sababu maneno ya amri yenyewe yanakwenda mbali zaidi. Yanasema hadithi hizi zimekusudiwa kuwafunza watoto itikadi, na kwamba mafunzo hayo ni maandalizi ya kuja kuwavuta upande wa wachochezi. Yanadai pia kwamba vitabu hivyo vinatukana maadili, Kanisa, familia na binadamu mwenyewe. Litazame neno maandalizi. Hakuna jenerali aliyedhani mtoto wa miaka minane atatoka chumbani na kulipua kambi. Walikuwa wakihesabu miaka. Mtoto wa 1977 angekuwa na miaka ishirini mwishoni mwa miaka ya themanini, na wao walitaka kumpata kijana huyo kabla hajawa kijana.

Mwezi huohuo wa Oktoba 1977 wizara ya elimu iliamuru shule zipelekewe kijitabu kuhusu uchochezi katika elimu, chenye kichwa kidogo kinachomtaka mwalimu "amjue adui yetu". Sehemu inayohusu shule za awali na za msingi inasema Wamarksisti wameanzisha mashambulizi ya wazi katika fasihi ya watoto. Kosa walilolitaja ni kwamba vitabu hivyo vinamwezesha mtoto kujielimisha mwenyewe kwa msingi wa uhuru na wa kuchagua. Soma mara mbili, Mwalimu. Mambo ambayo mimi na wewe tungeyaandika kwenye andalio la somo kama malengo, wao wameyaandika kama ushahidi wa uhalifu. Na kijitabu hicho hakikufichwa kwenye kabati la usalama wa taifa. Kililetwa mezani kwa walimu, kwa kuwa mwalimu ndiye aliyetarajiwa kuwa jicho la kwanza.

Sasa nikupeleke kwa mwandishi mwingine, kwa sababu kwa maoni yangu yeye ndiye anayejibu swali lako vizuri kuliko tembo. Laura Devetach alitoa mkusanyiko wa hadithi La torre de cubos, "Mnara wa michemraba", mwaka 1966, akiwa mji wa Córdoba. Marufuku yake ilianzia jimbo la Santa Fe, ikafuatwa na majimbo mengine, na hatimaye kitabu kikafungwa nchi nzima. Azimio la mwaka 1979 liliorodhesha dosari zake: ishara zinazochanganya, kuhoji mambo ya itikadi na jamii, ukosefu wa vichocheo vya kiroho, na njozi zisizo na mipaka. Ndiyo, njozi zisizo na mipaka, kwenye karatasi ya serikali yenye mhuri. Kisha likaongeza kwamba baadhi ya hadithi zinakosoa mpangilio wa kazi, mali ya mtu binafsi na kanuni ya mamlaka.

Mojawapo ya hadithi hizo inamhusu mvulana Bartolo. Bartolo anapanda daftari kwenye chungu kikubwa cha maua, analimwagilia, analianika juani, na mche unaota unaozaa madaftari. Kule kwao madaftari ni ghali na akina mama hugomba mtoto akimaliza daftari haraka, basi Bartolo anawagawia watoto wote bure. Muuza madaftari anafika kwa hasira na kutaka kuununua mmea. Anamtajia bei za ajabu ajabu, Bartolo anakataa. Anarudi na polisi. Watoto wanatokea kila upande wakiwa na ndege na sungura, wanawazingira wakubwa hao, na mambo yanaishia kwenye kicheko.

Mtu wa itikadi ataona humo ujamaa, na mkaguzi aliuona. Mimi naona kitu walichokiogopa zaidi, nacho ni kwamba hadithi haina mtu mzima wa kuwaambia watoto wafikirie nini. Hakuna babu mwenye busara anayehitimisha, wala baba anayerudi kutoka kazini na kuweka mambo sawa. Bartolo anaamua mwenyewe na mambo yanamwendea vyema. Fasihi ya watoto iliyozoeleka Argentina kabla ya hapo, kama ilivyo vitabu vingi vya kiada popote pale, ilimshika mtoto mkono tangu mstari wa kwanza hadi funzo la mwisho. Kizazi cha Devetach, Bornemann, Gustavo Roldán na Graciela Montes kiliuachia mkono huo. Walicheza na maneno, wakatumia lugha ya mtaani, wakaacha hadithi iishe bila funzo. Majenerali walielewa maana ya jambo hilo haraka kuliko wahakiki wengi wa fasihi. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema wakaguzi wale walikuwa wajinga wasiojua kusoma. Mwaka 2000, ndani ya jengo lililokuwa la benki ya maendeleo ya taifa, ziliibuka nyaraka za utawala ule, na watafiti Hernán Invernizzi na Judith Gociol wakazitumia kuandika kitabu kizima juu ya udhibiti wa vitabu. Ripoti zile ziliandikwa na wasomi, watu waliojua kuchambua muundo wa hadithi na kumtofautisha msimulizi na mhusika. Walisoma vizuri, na walichokiona kwenye hadithi ya Bartolo kilikuwemo kweli. Uovu wao ulianza pale walipofunga faili na kuamua la kufanya.

Udhibiti huo ulitekelezwaje? Kwa namna isiyo na mpangilio mmoja, na nadhani vurugu hiyo ilisaidia kueneza hofu. Amri nyingine zilitoka kwa rais, nyingine wizarani, nyingine kwa gavana wa jimbo, nyingine kwa kamanda wa jeshi wa eneo. Kitabu kingeweza kufungiwa jimbo hili na kuuzwa jimbo la pili. Septemba 1976 kilifungiwa kitabu cha Beatriz Doumerc na mchoraji Ayax Barnes kuhusu mfalme anayetaka nyumba zote zipakwe rangi ya kijivu, na wananchi wanaoamua kupaka rangi wanazozipenda. Februari 1977 ikafuata Cinco dedos, "Vidole vitano", kilichotoka kwa kikundi cha waandishi wa Berlin: mkono wa kijani unavionea vidole vya mkono mwekundu kimoja kimoja, mpaka vidole hivyo vinapoungana na kuwa ngumi. Argentina, mkono wa kijani ulikuwa na maana moja tu, sare ya jeshi. Wachapishaji wake, Daniel Divinsky na mkewe Kuki Miler wa Ediciones de la Flor, walikaa kizuizini siku 127 bila kufikishwa mahakamani, na walipotoka wakakimbilia Venezuela. Siku 127, kwa kitabu cha picha.

Wakati huohuo, shirika la uchapishaji la Centro Editor de América Latina, lililoanzishwa na Boris Spivacow mwaka 1966, liliendelea kuuza hadithi nzuri za watoto kwa bei ya chini kwenye vibanda vya magazeti. Mtoto wa kibarua aliweza kununua kitabu chenye michoro ya hali ya juu kando ya gazeti la baba yake, nchi ikiwa chini ya buti. Halafu mwaka 1980, kwa amri ya hakimu, takriban nakala milioni 1.5 za vitabu vya shirika hilo, tani 24, zilirundikwa kwenye kiwanja huko Sarandí, nje kidogo ya Buenos Aires, zikachomwa moto. Zilipigwa picha, kwa sababu hakimu alitaka uthibitisho kwamba vitabu vimeteketea na havikuibwa. Picha hizo zipo mpaka leo, na ndizo ushahidi mzuri tulio nao dhidi ya waliochoma. Miaka minne kabla, Aprili 1976, jeshi huko Córdoba lilikuwa limechoma hadharani vitabu vya Proust, García Márquez, Neruda, Cortázar, na hata Saint-Exupéry, yule wa mtoto wa mfalme na waridi lake, likitangaza kwamba linafanya hivyo ili vijana wasiendelee kudanganywa. Katika mji wa Rosario, maktaba ya wananchi ya Constancio C. Vigil, iliyojengwa kwa fedha za bahati nasibu za mtaa, ilitwaliwa mwaka 1977, viongozi wake wakakamatwa na vitabu vyake vikaharibiwa.

Ila moto uliounguza vitabu vingi nyumbani kwa watu haukuwashwa na askari. Wazazi wenyewe waliviunguza kwenye jiko au bafuni, usiku, kurasa chache chache, wakihofia msako. Wengine walizika. Kuna wanandoa wa Córdoba waliofukia maktaba yao uani mwaka 1976, na vitabu hivyo vikafukuliwa miaka arobaini baadaye, vikiwa vimegandamana na udongo. Hapo utaelewa kwa nini orodha rasmi ya vitabu vilivyofungiwa haituambii hata nusu ya habari. Kitabu ambacho hakikuwa na amri dhidi yake nacho kiliweza kufa, kwa sababu mwenye nacho hakujua kama kina amri au hakina.

María Elena Walsh, ambaye nyimbo zake za watoto zinajulikana na kila Muargentina, aliliandika jambo hilo kwenye gazeti la Clarín mnamo Agosti 1979. Aliiita nchi yake nchi ya chekechea: watu wazima wamegeuzwa watoto wanaongoja ruhusa ya kusema wanachowaza. Kila mmoja wetu, aliandika, ana penseli iliyovunjika na kifutio kikubwa kupita kiasi kilichokwisha kukita ndani ya ubongo. Mwandishi wa watoto ndiye aliyeona kwamba utawala ule ulikuwa na wazo moja tu la utoto, yaani utii, na uliwataka wananchi wa umri wowote waingie humo.

Na vitabu vilikuwa sehemu ndogo ya hesabu. Tume ya serikali ya kiraia iliyochunguza mambo hayo ilithibitisha katika ripoti yake ya mwaka 1984 watu 8,961 waliotoweshwa, yaani waliokamatwa na wasionekane tena. Mashirika ya haki za binadamu husema 30,000. Héctor Oesterheld, mwandishi wa hadithi za katuni zilizosomwa na watoto na vijana nchi nzima, alitekwa mwaka 1977, na mabinti zake wanne nao waliuawa au kutoweshwa. Wanawake waliotekwa wakiwa wajawazito waliachwa hai mpaka wajifungue. Watoto wao walipewa familia nyingine, nyingi zikiwa za wanajeshi na polisi au za marafiki zao, wakapewa majina mapya na tarehe mpya za kuzaliwa. Bibi zao, waliojiunga pamoja mwaka 1977 kwa jina la Abuelas de Plaza de Mayo, wanakadiria watoto hao kuwa kama 500, na kwa msaada wa vipimo vya damu na vinasaba zaidi ya 130 wamekwisha kupatikana. Siwezi kuzungumzia vitabu vya watoto vya enzi ile bila kuwataja, kwa sababu wazo ni lilelile. Mtoto kwao alikuwa mali ya taifa, wa kuumbwa na yule anayestahili kumuumba. Kitabu kibaya mnyang'anye, na mzazi mbaya mnyang'anye pia.

Unauliza wanakumbuka nini. Wengi wanakumbuka ukimya kwanza. Wanakumbuka kuambiwa wasirudie shuleni yanayosemwa nyumbani, na jirani aliyetoweka huku watu wakinong'ona kwamba lazima kuna alilolifanya. Kumbukumbu ya namna hiyo haina tukio la kusimulia, kwa hiyo ilichukua miaka kuwa maneno.

Hadithi nazo zilipita njia yake. Devetach amesimulia kwamba, kitabu chake kilipofungiwa, walimu walizichapa hadithi zake kwa mashine ya kudurufu na kuzigawa darasani bila jina la mwandishi. Bartolo na mmea wake walizunguka shuleni, wakati ambao kwenye sheria hawakuwepo. Wewe na mimi tuliokulia kwenye ngano za sungura na fisi hatushangai hadithi kukosa mwenyewe. Huku kwetu ngano haina jina la mtunzi kwa kuwa imepita vinywa vingi mno. Kule jina lilikwanguliwa ili hadithi iokoke na mwalimu asikamatwe. Matokeo yake kuna Waargentina waliokua wakiipenda hadithi ya mti wa madaftari na wasijue ni ya nani, mpaka demokrasia iliporudi Desemba 1983 na vitabu vikatoka tena na majina yake. Walimu hao hawana sanamu, na wengi wao hawatajulikana kamwe, maana kazi yao ilikuwa ni kutoacha alama. Mtu akiniuliza nani aliyelinda kumbukumbu ya pamoja ya nchi ile, nitawataja hao kabla ya taasisi yoyote.

Ungetarajia kwamba mwaka 1984 waandishi wa watoto wangekimbilia kuandika juu ya yaliyotokea. Haikuwa hivyo. Hadithi zilizofungiwa zilichapwa upya, lakini udikteta wenyewe ulichelewa kuingia kwenye kurasa za watoto. Viongozi wa kijeshi walishtakiwa mwaka 1985, kisha zikaja sheria za kusitisha mashtaka na misamaha ya rais, na watu wengi hawakuwa na hakika kama yamekwisha kweli. Bornemann mwenyewe aligusa suala la watoto walioibwa katika hadithi ya mwaka 1991. Mwaka 1996, miaka ishirini tangu mapinduzi, Graciela Montes alitoa El golpe y los chicos, "Mapinduzi na watoto", akawaeleza watoto moja kwa moja kilichotokea, bila kutumia wanyama na wafalme, na kuweka ndani yake sauti za watoto wa waliotoweshwa. Hakulegeza lugha, wala hakuwatisha kwa makusudi. Nakihesabu kuwa kati ya vitabu bora vya historia kwa watoto ninavyovijua. Baada ya hapo mlango ulifunguka: riwaya za vijana za Graciela Bialet na Paula Bombara, na mwaka 2013 mkusanyiko uliosimulia visa vya wajukuu waliopatikana, ambamo aliandika pia María Teresa Andruetto, mshindi wa Tuzo ya Andersen ya mwaka 2012.

Serikali nayo ilifuata. 24 Machi ilifanywa siku ya taifa ya kumbukumbu mwaka 2002, na sheria ya elimu ya mwaka 2006 ilifanya somo la udikteta kuwa la lazima. Katika mji wa La Plata kuna kikundi cha wananchi kilichokusanya vitabu vya watoto vilivyofungiwa na kuviita vitabu vinavyong'ata. Wanavipeleka shuleni na kuwaachia watoto wavishike.

Hapo nina manung'uniko yangu madogo. Siku hizi tembo Víctor na Bartolo husomwa shuleni kila Machi, na mara nyingi mwalimu huanza kwa kusema: watoto, hiki ni kitabu kilichopigwa marufuku. Toka hapo mtoto hasomi tena hadithi. Anatafuta kosa lilipojificha, kama mkaguzi, tofauti yake ni kwamba yeye anatarajiwa kulishangilia. Hadithi iliyoandikwa ili isiwe na funzo inapewa funzo kwa nguvu, safari hii na watu wema. Laiti ningekuwa na uwezo, Bartolo angesomwa pia Juni na Septemba, siku zisizo na maana yoyote kitaifa.

Kuhusu darasa lako, ningekushauri uanze na Bartolo. Tembo atawafurahisha, ila sarakasi yenye wanyama itabidi uielezee kwanza, na ile Afrika ya mwisho itawachanganya kama nilivyosema. Daftari halihitaji maelezo. Kila mtoto wako anajua mama anavyosema daftari likiisha kabla ya muhula. Simulia kwa mdomo, kwa "hadithi, hadithi" yako ya kawaida, bila kutaja Argentina wala majenerali, na uishie pale wanapocheka. Waulize wao wangepanda nini. Siku nyingine, wakiwa wameshaizoea hadithi na kuanza kuigeuza watakavyo, waambie kwamba kuna nchi ambayo iliwahi kukatazwa, kisha wewe ukae kimya na wao ndio wakueleze kwa nini. Kwa darasa la tatu na la nne inatosha hapo. Habari za waliotoweshwa na za watoto walioibwa ziachie darasa la sita na la saba, na ukifika huko usiwafiche kitu watakachouliza.